Umebadilisha Tairi la Pikipiki? Tazama Mambo Haya Kabla ya Kuondoka

Mkulima mwenzangu, siku hizi pikipiki imekuwa chombo cha shamba kama jembe na panga. Ndiyo inayopeleka maziwa kituoni asubuhi, ndiyo inayoleta mbolea na chakula cha kuku, na mtoto akiugua usiku ndiyo inayomfikisha zahanati. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zimeenea hata katika vijiji ambavyo zamani havikujua motokaa. Lakini wengi wetu tunajua kuiendesha tu, hatujui kuitazama. Tukishatengenezewa tunalipa fedha, tunawasha na kwenda. Makala haya yanaeleza hatari iliyomo katika desturi hiyo, hasa baada ya kubadilisha tairi.

Nasema haya kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe.

YALIYONIPATA

Wakulima wengi wa upande wetu hupitia barabara ya Kangundo kupeleka mayai na mboga Nairobi. Watoto wetu na jamaa zetu wanakaa huko Eastlands, katika mitaa ya Kayole, Umoja, Donholm na Dandora, na wanunuzi wetu wako huko huko. Kwa hiyo tukishauza mali yetu huona vyema kununua tairi na kulifungisha pale pale, maana mjini vipuri ni vingi na bei ni nafuu.

Siku hiyo tairi langu la nyuma lilikuwa limekwisha kabisa, halina meno. Mpwa wangu akanipeleka kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Fundi alikuwa na pikipiki tatu mbele yake. Alifungua gurudumu langu, akabandua tairi la zamani, akatia jipya. Alipokuwa akirudisha gurudumu mahali pake simu yake ililia, akainuka kwenda kuzungumza, akamwambia kijana wake amalize. Kijana akakaza nati mbili tatu, akajaza upepo, akasema, "Tayari, mzee." Nami nilikuwa na haraka, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka. Nikalipa, nikafunga gunia langu la chakula cha kuku, nikaondoka.

Nilipopita Njiru nilisikia mlio mdogo nyuma, kama mtu anayegonga kopo. Nikadhani ni gunia. Karibu na Ruai ng'ombe waliingia barabarani, nikakanyaga breki. Mara nikasikia kishindo, gurudumu la nyuma likakwama ghafla kama limefungwa kwa mnyororo, pikipiki ikaserereka, nami nikaanguka upande wa kushoto kwenye mchanga. Lori lililokuwa nyuma yangu lilinikwepa kwa nafasi ya mkono mmoja. Nilivunjika mfupa wa bega, nikakaa wiki sita bila kushika jembe, na mahindi yangu yakapaliliwa na majirani. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa nimembeba mtu.

Tulipoitazama pikipiki tuliona sababu. Nati moja haikuwapo. Bei yake haizidi bei ya chupa ya soda.

NATI ILE ILIKUWA NA KAZI GANI?

Ni vizuri kueleza jambo hili sawasawa, maana ukilielewa hutalisahau.

Pikipiki zetu nyingi zina breki ya ngoma katika gurudumu la nyuma. Ndani ya ngoma hiyo mna viatu viwili vya breki. Viatu hivyo vimefungwa juu ya kifuniko cha duara, na kifuniko hicho hakizunguki pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, viatu hupanuka na kuishika ngoma inayozunguka. Sasa fikiri: ngoma inazunguka kwa nguvu, na viatu vimeishika. Ngoma itataka kuvizungusha viatu pamoja na kifuniko chake. Ni kitu gani kinachovizuia? Ni chuma kimoja chembamba, ambacho upande mmoja kimefungwa kwenye kifuniko na upande wa pili kimefungwa kwenye uma wa nyuma wa pikipiki. Tukiite mkono wa breki.

Mkono huo hufunguliwa kila mara gurudumu la nyuma linapotolewa. Ukirudishwa hukazwa kwa nati, na nati hiyo hufungwa kwa pini ndogo inayopitishwa katika tundu la bolti na kukunjwa miguu yake, ili mtikisiko usiifungue. Fundi akisahau pini, nati itajifungua pole pole njiani. Ikianguka, mkono huchomoka. Halafu siku utakapokanyaga breki kwa nguvu kifuniko kitazunguka pamoja na ngoma, kitavuta na kupinda vyuma vyote vilivyo karibu, na gurudumu litakwama.

Tazama basi ubaya wake: kosa hili halijionyeshi ukiwa unakwenda polepole. Linangoja mpaka siku unapoihitaji breki zaidi kuliko siku zote.

KWA NINI KAZI HUHARIBIKA GEREJINI?

Hatusemi kwamba mafundi wa Eastlands ni wabaya. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Gikomba, Kariobangi na kwingineko wameijenga nchi hii kwa mikono yao, na katika miaka ya 1980 Serikali iliwajengea mabanda wale wa Kamukunji kwa kuwa iliona manufaa ya kazi yao. Wako wengi wenye ujuzi mkubwa, na wengine wamefanya mtihani wa ufundi wa Serikali, ambao leo unasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA. Fundi wa namna hiyo hatakasirika ukimwomba akuonyeshe cheti chake.

Lakini kazi nzuri huharibika kwa sababu zinazojulikana:

Kwanza, kazi iliyokatizwa. Fundi akiitwa katikati ya kazi, akirudi hudhani amekwisha kukaza nati ambayo hakuikaza. Au kazi humalizwa na mtu asiyejua ilifikia wapi, kama ilivyokuwa kwangu.

Pili, haraka. Fundi hulipwa kwa kila pikipiki, si kwa saa. Na mara nyingi haraka ni yetu sisi wenye pikipiki, tunaosimama juu ya kichwa chake tukisema, "Fanya upesi, nachelewa."

Tatu, vyombo visivyofaa. Nati ikikazwa kwa spana isiyo ya kipimo chake, au kwa nyundo na patasi, pembe zake huliwa. Nati kama hiyo haikaziki vema, na siku ya kuifungua huwa taabu.

Nne, kurudia vitu vilivyokwisha. Pini iliyokunjwa ikanyooshwa hukatika. Pini hutumika mara moja tu, kisha hutupwa. Ni senti chache.

Zamani katika reli walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kutembea kando ya gari la moshi kituoni, wakigonga kila gurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio wake. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia vingine. Hao si wao walioyatengeneza magurudumu yale. Kazi yao ilikuwa kutazama tu kazi ya wengine kabla ya safari. Desturi hiyo ni nzuri, na inatufaa sisi pia. Fundi ni fundi, lakini mtazamaji wa mwisho ni wewe mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiwe utakayeipanda.

KABLA YA KUFUNGWA: LITAZAME TAIRI LENYEWE

Usinunue tairi kwa kutazama weusi wake tu. Soma maandishi yaliyo ubavuni.

1. Kipimo. Pikipiki nyingi za kubebea mizigo hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na nyingine hutumia za 18. Nambari ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni ukubwa wa rimu. Soma tairi lako la zamani, au kijitabu cha pikipiki, ununue lile lile. Mpira wa ndani nao uwe wa kipimo hicho hicho.

2. Umri. Tafuta nambari nne zilizo pamoja katika kiduara kirefu. Zikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani au juani miaka mingi hukauka na kupasuka, hata kama halijatembea.

3. Mshale. Matairi mengi yana mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzungukia. Mshale huo lazima uelekee mbele. Likifungwa kinyume, meno yake hayafukuzi maji na matope sawasawa.

4. Mpira wa ndani. Kutia kiraka si vibaya, lakini mpira wenye viraka vingi usitiwe katika tairi jipya. Mwambie fundi aangalie kama ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki ndani ya rimu uko mahali pake. Bila utepe huo spoki zitautoboa mpira.

5. Kuingiza upepo. Fundi mwema hupaka maji ya sabuni ukingoni mwa tairi, hutia upepo kidogo kwanza ili mpira usijikunje, kisha huongeza. Karibu na rimu tairi lina mstari mdogo unaolizunguka. Zungusha gurudumu uutazame: mstari huo uwe na umbali ule ule kutoka kwenye rimu pande zote. Mahali unapozama, tairi halijakaa. Mwambie atoe upepo alikalishe tena. Na valvu isimame wima. Ikiwa imelala upande, mpira wa ndani umevutwa, na siku moja utakatika penye valvu na upepo utatoka wote mara moja.

BAADA YA KUFUNGWA: MAMBO MANANE

Sasa gurudumu limerudi. Usiwashe pikipiki. Isimamishe kwa stendi ya katikati, chuchumaa, utazame kwa macho na kushika kwa mkono. Kazi hii yote haimalizi dakika kumi.

1. Nati ya ekseli, mbele au nyuma. Mwambie fundi aikaze mbele yako kwa spana ndefu, si kwa vidole. Ikiwa ni ya kutiwa pini, ione pini kwa macho yako, tena mpya, na miguu yake imekunjwa.

2. Mkono wa breki ya nyuma. Ushike uutikise. Usichezecheze. Tazama nati na pini yake pande zote mbili. Hapa ndipo nilipoangukia mimi.

3. Breki ya mbele. Ikiwa ni ya ngoma, kifuniko chake kina mfuo unaopaswa kuingia katika kipande cha chuma kilicho kwenye uma wa mbele. Usipoingia, hatari ni ile ile ya gurudumu kukwama, tena hapa ni mbaya zaidi kwa sababu utarushwa kichwa mbele. Ikiwa ni breki ya sahani, bana mkono wa breki mara kadhaa kabla ya kuondoka mpaka uwe mgumu, maana wakati wa kutoa gurudumu vibao vyake huweza kusukumwa nyuma, na ukibana mara ya kwanza hutapata breki.

4. Mnyororo. Kulitoa na kulirudisha gurudumu la nyuma hubadilisha mkazo wa mnyororo. Usukume juu na chini katikati: uchezee kama sentimita 2 hadi 3, au kama kijitabu kinavyosema. Ukilegea sana utaruka kutoka kwenye meno yake. Ukikazwa sana utakatika au kuharibu beringi.

5. Gurudumu linyooke. Kwenye uma wa nyuma, kushoto na kulia, mna alama ndogo ndogo. Hesabu: ikiwa kushoto gurudumu limesimama kwenye alama ya tatu, na kulia liwe kwenye ya tatu. Lisipokuwa hivyo, linakwenda upande, na pikipiki itavuta na kula tairi.

6. Breki ya mguu. Gurudumu likisogezwa, fimbo ya breki nayo hubadilika. Kanyaga: kanyagio lishuke kama sentimita 2 hadi 3 kisha breki ishike. Zungusha gurudumu kwa mkono bila kukanyaga: lizunguke kwa uhuru. Hakikisha fundi hakugusa viatu vya breki kwa mkono wenye grisi, maana kiatu chenye mafuta hakishiki.

7. Mtikisiko. Shika tairi kwa mikono miwili ulisukume kushoto na kulia. Likichezacheza, huenda beringi imekwisha au kile kipande cha bomba kinachokaa penye ekseli kimesahauliwa. Tazama chini, pale fundi alipoketi. Ukiona bushi, nati au pini imebaki mchangani, uliza ilitoka wapi. Kitu hakibaki bure.

8. Upepo. Usikubali kupima kwa kupiga teke. Omba kipimo. Kwa pikipiki ndogo, tairi la mbele hutaka kama ratili 25, na la nyuma kama ratili 28 hadi 32, zaidi kidogo ukibeba abiria au gunia. Fuata kijitabu cha pikipiki yako. Halafu kifuniko cha valvu kirudishwe.

SAFARI YA KWANZA

Tairi jipya lina utelezi, kwa sababu ya mafuta yaliyobaki juu yake lilipotolewa katika kalibu ya kiwanda. Katika kilomita 100 za kwanza nenda taratibu, usilalie kona, usifunge breki kwa ghafla, na ujihadhari zaidi mvua ikinyesha.

Kabla ya kuingia barabara kubwa, jaribu kwanza katika njia ya mtaa isiyo na watu. Nenda mwendo wa mtu anayekimbia, kanyaga breki ya nyuma, kisha ya mbele, mara mbili tatu. Sikiliza. Ukisikia mlio ambao haukuwapo asubuhi, rudi kwa fundi. Usijiambie kama nilivyojiambia mimi kwamba ni gunia. Ukienda kilomita 60 kwa saa unapita zaidi ya mita 16 kwa kila sekunde moja. Huko hakuna nafasi ya kufikiri.

Ukishakwenda kilomita 50 hivi, simama utazame tena nati, pini na mnyororo, maana kitu kilichokazwa upya huweza kulegea kidogo mwanzoni.

Na ujaribio wote huo usikufanye uache kofia ya chuma nyumbani. Sheria ya Barabarani iliyorekebishwa mwaka 2012 yamtaka mwendeshaji avae kofia ya kujikinga na koti la kung'aa, na asibebe abiria zaidi ya mmoja. Siku niliyoanguka kofia yangu ilipata ufa mrefu. Ufa ule ungekuwa kichwani.

UKIHARIBIWA KAZI, UFANYE NINI?

Wakulima wengi wakiharibiwa kazi hunung'unika tu. Lakini Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yasema kwamba mtu anayeuza kitu au kazi huhesabiwa kuwa ameahidi ubora unaofaa. Na tangu mwaka 2021 iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani, Nairobi, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, pamoja na ya mali iliyoharibika na ya kuumizwa, bila kulazimu kuwa na wakili.

Lakini mahakama hutaka ushahidi. Kwa hiyo omba risiti, hata ikiwa ni karatasi ndogo yenye tarehe, jina la fundi na kazi aliyofanya. Ukilipa kwa simu, usiufute ujumbe wake. Ajali ikitokea, piga picha za kitu kilichovunjika kabla hakijaguswa, na utoe habari polisi. Mimi sikuwa na risiti wala sikupiga picha. Nilirudi kwa fundi yule baada ya kupona, akasema hanikumbuki. Pengine alisema kweli.

NENO LA MWISHO

Si lazima kila mmoja wetu awe fundi. Lakini kama ujuavyo kumtazama ng'ombe kabla ya kumnunua, ukamfungua kinywa na kumpapasa kiwele, vivyo hivyo jifunze kutazama pikipiki yako. Nunua spana mbili za kipimo cha nati za ekseli zako, pini tano za akiba na kipimo cha upepo, uviweke chini ya kiti. Chama cha ushirika kinaweza kununua seti moja ya spana na pampu na kuviweka kituo cha maziwa, ili wanachama wote wavitumie asubuhi wanapongoja zamu zao.

Mwambie fundi kwa heshima, tangu mwanzo: "Bwana fundi, sina haraka. Maliza hii yangu wewe mwenyewe, kisha tutazame pamoja." Fundi mwema atafurahi, kwa sababu kazi iliyotazamwa na wawili humwondolea lawama. Yule atakayekasirika, mwachie spana zake, usukume pikipiki yako mpaka kwa mwingine. Njia ya kusukuma ni fupi kuliko njia ya hospitali.